Jiwe Lililotubeba Asubuhi

Siku yangu ya kwanza kazini nilivaa blauzi nyeupe na viatu vya ngozi, nikijua nitapewa meza. Aka! Shefu wa brigedi ya wapima ardhi, hapa Kamina, alinipa fimbo ya chuma akanionyesha rundo la mawe nyuma ya ofisi.

"Gonga yote," akasema. "Kiisha uniambie gani inadanganya."

Nilidhani ananitania. Hakuwa mtu wa utani. Niligonga hadi jua likanichoma shingo, na blauzi ile sikuivaa tena kazini.

Ninyi vijana mnaopima dunia kwa simu mtacheka, lakini kazi ilikuwa hivi. Kabla watu hawajapandisha mizigo mlimani, mtangulizi alikwenda kwanza, mikono mitupu, kutafuta njia ya kupita juu ya mgongo wa mlima. Miguu iliposhindwa alitumia na mikono. Tuliiita njia ya nyani. Kila jiwe aliligonga kabla ya kulikanyaga kwa uzito wake wote. Jiwe lililoshikwa na mlima hujibu kwa sauti nzito, lililolegea hulia kama chungu kitupu. Jiwe zima alilipiga mstari mwekundu wa rangi, bovu alilitia msalaba. Mtangulizi huyo nikawa mimi, mwanamke, na wanaume wa brigedi walinung'unika mpaka wakachoka.

Nilitumwa Bukama, chini ya Bwana Mkaguzi aliyefunga tai kwenye joto lile la mto Lualaba, kisha nikarudishwa Kamina kwa Shefu wangu yule yule. Miaka ya mwisho serikali haikututuma popote. Waliotuita ni watu wa kampuni ya simu, waliotaka vilima vya kusimamisha antena.

Ndivyo tulivyofika, kiangazi kimoja, kwenye mlima mmoja mbali huko, juu ya kijiji ambacho simu hazikushika rezo, yaani mtandao, hata kidogo. Wawindaji walikuwa wameshachoma majani, mlima wote mweusi. Shefu alikuwa mzee tayari, lakini alikataa kubaki chini. Tulipanda tukigonga, tukipaka mistari, na kileleni tukala bukari, ugali wetu, na samaki mkavu. Alifurahi.

"Kesho bantu ba kijiji batapandisha betri ya antena na kichwa," akasema. "Njia iko muzuri."

Tuliposhuka hatukugonga. Nani anabisha hodi mara mbili kwenye nyumba aliyokwisha karibishwa? Shefu aliweka mguu kwenye jiwe lenye mstari wetu wenyewe, jiwe lililotubeba wote wawili asubuhi. Likang'oka! Nilimwona anapita mbele yangu na vumbi, halafu nikamsikia akilia chini kwenye ukingo wa mwamba. Yo, mama yangu! Nililia kuliko yeye.

Nilimfikia nikitambaa. Mguu ulikuwa umevunjika. Nikatazama juu pale jiwe lilipotoka, nikaona majivu matupu. Mizizi ya majani ndiyo iliyokuwa ikiyashika yale mawe, nayo ilikuwa imeungua ndani kwa ndani. Na sisi tulipopanda, uzito wetu uliyalegeza hata yale yaliyokuwa yameshika asubuhi. Mistari yetu yote myekundu, toka chini hadi kileleni, ilikuwa uongo.

Shefu akanishika mkono. Jasho lilimtiririka.

"Mwanangu, sikia. Useme nilianguka na pikipiki. Njia iko muzuri."

"Shefu! Na bantu ba kesho?"

"Banazoea mulima. Tukikatala, kampuni itatafuta bengine. Minyi na weye tutakula nini?"

Nilifikiri ni maumivu yanayosema. Nikamwangalia machoni. Hapana, alikuwa na akili zake zote. Mtu aliyenifundisha kugonga! Nilihisi kama nimepigwa kofi na baba yangu.

Nilimfunga mguu kwa kitenge na vijiti vyetu vya kupimia, nikapiga kelele hadi wachoma makaa wakaja kumbeba kwa upande wa bonde. Kijijini wanaume walikwisha kusanyika. Mmoja, Kabamba, mrefu, shingo nene, alikuwa anasokota kata ya kuwekea mzigo kichwani.

"Mama, njia iko?"

Shefu alilala kwenye mkeka, ananitazama.

"Njia haiko," nikasema. "Mulima iliungua. Hakuna muntu atapanda."

Gari la kampuni liligeuza, antena ikaenda kusimama kwingine, mbali. Shefu hakunisemesha tena mpaka alipokufa. Iliniuma, ndiyo, lakini nilistaafu nikiwa na moyo mweupe.

Kiangazi hiki, soko la Kamina, mtu akanishika mkono. Kabamba! Mvi kichwani, shingo ile ile. Nilitaka kumkumbatia. Hakunisalimia.

"Weye njo ule mama ulikatala antena yetu."

"Ee, baba. Mulima ingewaua."

"Mutoto wangu mwanamuke alishikwa na uchungu wa kuzaa. Tulipiga simu, rezo hakuna. Nilikimbia na miguu kutafuta pikipiki. Kurudia nyumbani, anaisha kufa. Na mutoto ndani."

Niliweka chini kikapu changu cha sombe, yale majani ya muhogo. Huyu mtu angekuwa chini ya mlima ule na betri juu yake. Niliwaza kumwambia hivyo. Nimwambie nini, ashukuru kwamba yuko hai kumzika binti yake?

"Pole, baba," nikasema.

"Aksanti," akajibu, akaichukua baiskeli yake akaenda.

Wazee wenzangu huwaambia ninyi vijana kwamba aliyefanya kazi yake vizuri hulala usingizi mzuri. Msiwaamini. Mimi ile yangu niliifanya vizuri, na wangeniuliza tena leo ningesema njia haiko. Lakini tangu siku ile ya soko silali.