Petroli Hailali Ndani ya Gari

Tulikuwa watatu ndani ya gari asubuhi ile ya Jumamosi. Kwenye usukani mkwe wangu, mume wa binti yangu wa pili. Kando yake mzee mmoja Mbelgiji, mwenye garage huku kwao, upande wa mfereji, lakini mzaliwa wa Likasi, maana baba yake alikuwa fundi wa migodi huko kwetu. Hatukuwa na udugu naye isipokuwa huo wa vumbi moja. Nyuma mimi, na mfuko wa sombe, kisamvu chetu, magotini, zawadi ya kumpa yule mzee. Wa nne ni huyo binti yangu. Yeye hakuwamo, alikuwa kazini hospitalini, Woluwe, lakini alipiga simu mara tatu, kwa hiyo namhesabu. Majina yao ninayo yote, na ya baba zao, hata la mbwa wa mzee. Binti yangu amenikataza kuyaandika. Basi yakae.

Mkwe wangu alifunga milango ya magari kiwandani kwa miaka kumi na moja, mpaka siku kiwanda chenyewe kilipofunga mlango wake. Hiyo ni mwanzoni mwa ile miaka ya elfu mbili na kumi. Mwaka mzima nilimwona akiamka saa kumi na mbili, ananyoa ndevu, anavaa shati safi, halafu anakaa jikoni akiangalia dirisha. Mtu wa namna hiyo usimcheke.

Ndipo akakutana na yule mzee. Garage yake ilikuwa ya magari yenye turbo, ambayo watu huyaleta yakiwa tayari yanakimbia ili yakimbie zaidi. Ugonjwa huo sijaijua dawa yake. Macho ya mzee yalikuwa yanachoka, alitafuta mtu wa kushika kazi. Akamwambia mkwe wangu:

"Karatasi ya shule, sitaki. Uko na ile motokari yako. Tengeneza, miye nitapanda. Ikivuta muzuri, unaanza kazi kwangu. Isipovuta, tunabaki barafiki."

Hivyo ndivyo kazi ya mwanaume mzima ilivyokuja kutegemea gari moja la Kijapani, la bluu, lenye mlango uliobonyea, lililokaa katika garage ya nyumba yetu, Berchem-Sainte-Agathe, chini kabisa ya chumba changu.

Turbo kubwa alikuwa amekwisha kuifunga. Kilichobaki ni njia ya petroli, toka tanki mpaka injini. Kazi hiyo naijua kwa sababu nilimshikia taa. Sasa mjue, kwetu mkwe hamtazami mama-mkwe usoni, wala hambishii. Miaka kumi na minne yule mtu alinijibu maneno mawili: "Ndiyo, maman." Hata mchuzi ukiwa na chumvi ya kuua mbuzi, "Ndiyo, maman." Kwa hiyo akitaka kunieleza kitu, aliliambia gari, mgongo umenielekea, na mimi nasikia.

"Weye motokari," anasema, kichwa kiko ndani ya injini, "turbo njo pepeo. Maman akipepea mbabula, anaongeza makala, ao haongeze?"

Mbabula ni jiko letu, makala ni makaa yake, na njo ni ndiyo. Nami naijibu taa:

"Anaongeza."

"Bon. Na asipoongeza?"

"Makala inaisha, chungu inaungua."

"Alors, njo vile. Upepo mingi, essence kidogo, moteur inaungua. Piston inatoboka." Essence ndiyo petroli, moteur ndiyo injini.

Aliondoa kiti cha nyuma. Chini yake kuna kifuniko cha duara, na chini ya kifuniko ndipo tanki lenyewe, na pampu imesimama humo, inaoga kwenye petroli. Alitoa ile ya zamani akaweka kubwa. Akavuta waya mnene toka betri mpaka kwa pampu, kwa sababu ule wa kiwanda ulikuwa mwembamba na pampu mpya ingekaa na njaa ya umeme. Maungio ya waya aliyalehemu mara mbili. Mara ya kwanza hayakumpendeza, akayakata, akaanza upya. Akabadilisha vibomba vinne vidogo vinavyonyunyiza petroli ndani ya injini, wao wanaita injecteurs. Hivi vipya vilikuwa na midomo mipana. Kila mpira mdogo wa kuzuia kuvuja aliupaka mafuta kwa ncha ya kidole, polepole, kama unavyompaka mtoto mchanga sikioni. Mimi nilikuwa na mboga zangu za kuchambua, nilizonunua Matonge, kwenye maduka ya watu wetu, lakini mara nyingi nilisahau mboga.

Mwisho alibandika kando ya usukani kisaa kidogo kinachopima upepo na petroli vinakutana namna gani.

"Turbo ikipuliza na kisaa kinasema onze, douze, roho inatulia," aliliambia gari. "Ikipanda quatorze, quinze, toa muguu mbio." Yaani kumi na moja, kumi na mbili ni salama; kumi na nne, kumi na tano, petroli imepungua.

Sasa niseme la kwangu. Lubumbashi, miaka ile ya shida, wezi walikuwa wanaingiza mpira kwenye tanki usiku, wananyonya, asubuhi gari halina kitu. Marehemu mume wangu alikuwa na kamioni. Kila magharibi aliinyonya petroli yake mwenyewe kabla ya wezi, anaacha ile ya kuwashia tu, nyingine anatia kwenye bidoni, yaani dumu, bidoni anaisukuma chini ya kitanda chetu. Tulilala juu ya petroli miaka tisa. Halafu nyumba ya tatu toka kwetu ikawaka moto, na wao pia bidoni yao ilikuwa chini ya kitanda. Jina la mama yule ninalo, na la watoto wake wawili. Toka siku hiyo nina sheria mbili kichwani: petroli hailali ndani ya gari, na mimi silali juu ya petroli.

Basi gari lilipoingia chini ya chumba changu nilimwambia:

"Mukwe, essence hailale humu. Kila mangaribi utoe, upeleke bidon kule mwisho wa bustani."

"Ndiyo, maman."

Binti yangu alinicheka sana. "Maman, wezi wa essence beko Berchem? Ni bale babibi ba tumbwa tudogo?" Nikamwambia aache mabibi na vimbwa vyao, anyamaze, yeye alizaliwa wakati bidoni zimekwisha. Na kila magharibi nilisikia mpira ukifyonza kule chini, nikapata usingizi.

Jumamosi ile mzee alikuja na kofia yake na Kiswahili chake cha kambini. "Jambo, mama ya kwetu! Kuya na weye, utakaa nyuma, tutaongea Likasi kidogo." Nikapanda. Kabla ya kuondoka alimwuliza mkwe wangu:

"Kuko essence?"

"Kuko, papa."

Hakudanganya. Ilikuwako, ile ya kuwashia. Nia yake, nilikuja kujua baadaye, ilikuwa kusimama kwenye kituo cha petroli cha barabara kubwa na kujaza. Akawasha taa ya kukata kulia. Mzee akamshika mkono: "Hapana huku. Tuende ring moja kwa moja, magari ingali kidogo." Nilimwona mkwe wangu akikitazama kile kituo kikipita.

"Ndiyo, papa," akasema.

Njia ya kuingia ring, ile barabara ya kuzunguka mji, inajikunja kama kiwiko. Mzee akamwambia, "Ponda." Mkwe akakanyaga. Turbo ikapiga mluzi, mgongo wangu ukabanwa kwenye kiti, nikakumbatia sombe yangu kama mtoto. Katikati ya kona gari likakohoa. Likakohoa tena. Kile kisaa nilikiona kwa macho yangu mawili: douze, halafu quatorze, halafu seize, kumi na sita. Mkwe wangu alitoa mguu kabla mzee hajafungua mdomo, na gari likatulia likajivuta kama ng'ombe mgonjwa mpaka pa kuegesha.

Wakafungua boneti. Mzee akasikiliza, akagusa huku na huku, akanusa. Halafu akasema bila kumtazama:

"Moteur imekosa essence. Ni waya ya pompe. Ulifunga mubaya?"

Mkwe wangu alitazama viatu vyake.

"Pengine, papa."

Nilikuwa nimekaa ndani, dirisha wazi. Neno lile "pengine" lilinichoma. Zile waya nilizimulikia mimi. Nilizihesabu mara mbili. Ilikuwa kazi ya mtu asiyejua kufanya vibaya, na hapo alikuwa anaikana mbele ya mtu pekee aliyetaka kuiona. Kwanza nilifikiri ni uoga. Halafu nikaona anatupa jicho upande wangu, dogo, na kulirudisha haraka, ndipo nikausikia tena ule mpira wa magharibi ukifyonza. Jana yake ulikuwa umefyonza kwa muda mrefu.

Mzee akafunga boneti taratibu. "Bon," akasema. "Tutaona." Nimeishi na Wabelgiji vya kutosha. "Tutaona" maana yake imekwisha.

Nikafungua mlango.

"Papa," nikasema, "waya iko muzuri. Ni miye."

"Weye namna gani, mama?"

"Essence haiko ya kutosha. Kila mangaribi anaitoa. Ni miye nalimuambia atoe."

Mzee alinitazama. Nikadhani atakasirika. Akavua kofia, akaanza kucheka, akacheka mpaka akashika gari. "Ku bidon," akasema. "Chini ya kitanda!" Kumbe baba yake pia, kule Likasi, alikuwa ananyonya. Binti yangu akapiga simu hapohapo, ya pili hiyo, sikuijibu.

Kisha kicheko kikaisha, akamgeukia mkwe wangu, na sasa hakuwa anacheka hata kidogo.

"Tanki haina kitu, kwenye kona essence yote inakimbilia upande moja, pompe kubwa inanyonya upepo. Ulijua?"

"Nalijua, papa."

"Na ulinyamaza."

Mzee akagonga boneti kwa kidole.

"Ungechoma moteur juu ya heshima. Sikia. Moteur haijue mama mukwe. Kazi ya mikono yako naona ni ya muzuri. Mudomo yako njo inanitia wasiwasi. Mu garage yangu mutu akiona essence haiko, anasema haiko. Hata kwangu. Hata kwangu zaidi."

Hakusema ndiyo wala hapana juu ya kazi. Tukaenda polepole mpaka kituo cha petroli.

Nilishuka kunyoosha magoti. Mkwe wangu akaingiza bomba, tarakimu zikaanza kukimbia. Nikawaza usiku unaokuja, kitanda changu, na lile tanki chini yake, na yule mama wa nyumba ya tatu. Mdomo ukasema wenyewe:

"Mukwe, inatosha. Nusu inatosha."

Mpaka leo binti yangu ananiuliza kama nilifanya makusudi, ili kumfungulia mume wake njia ya kunikatalia. Ningependa kusema ndiyo. Sikufanya makusudi. Nilikuwa naogopa tu.

Mkono wake ukabaki kwenye bomba. Mzee alikuwa ameegemea gari, anachezea kofia, akaacha kuichezea. Mkwe wangu akainua kichwa, akanitazama usoni. Miaka kumi na minne, sikuwa najua kwamba jicho lake la kushoto lina kadoa.

"Hapana, maman," akasema. "Tunajaza mupaka juu."

Nisiseme kwamba sikuumia. Niliumia. Nilirudi kukaa na sombe yangu, nikaangalia upande mwingine. Lakini nilikuwa nasikia petroli ikiingia, ikiingia, mpaka bomba likajikata lenyewe.

Tukarudi kwenye kona ileile. Mluzi uleule, mgongo wangu uleule. Kisaa kikakaa onze et demi, kumi na moja na nusu, na gari likavuta kona nzima bila hata kupiga chafya. Mzee alishuka mlangoni kwetu. Pale akachukua mfuko wa sombe magotini kwangu, akaunusa, akafumba macho. Kisha akampangia mkwe wangu Jumatatu, saa moja asubuhi:

"Lundi. Sept heures. Uje na ile mudomo ya leo."

Binti yangu alipopiga mara ya tatu ndipo nilipojibu. Jioni ile yeye na mume wake walikihamisha kitanda changu kwenye chumba cha mbele, juu ya mlango, mbali na garage, na hakuna aliyenicheka. Hata hivyo nilichelewa kupata usingizi siku nyingi, maana masikio yalikuwa yanangoja mpira.

Kichwani mwangu ile kona ilikuwa ya kulia, lakini mkwe wangu anasema ilikuwa ya kushoto, na binti yangu anasema simu zilikuwa nne. Mzee naye, kabla hajarudi kwa Mungu wake, alishikilia kwamba kisaa kilisema onze tu. Kama mlikuwapo, au mmesikia vingine, msininyamazie kwa heshima. Niambieni. Nyumbani kwetu siku hizi inaruhusiwa.