Mguu wa Mbuzi, Kidole Changu

Juzi, kwenye zahanati moja ya Lodwar, nesi alikifunga kidole cha mguu cha binti yangu, kilichovunjika, pamoja na kidole cha pembeni yake, akaweka pamba katikati. "Usikande, mama. Mwache apumzike tu." Niliitikia.

Changu kilivunjika nilipokuwa mtoto, nyumbani kwetu nje ya Kakuma, jiwe la kusagia mtama liliponiponyoka. Alasiri hiyohiyo mbuzi wetu mweupe alivunjika mguu korongoni. Baba alimbeba mabegani hadi nyumbani, akachonga vijiti, akaufunga ule mguu kwa ukanda wa ngozi, polepole, akimnong'oneza kama mtoto mchanga. Mimi nilipakwa mafuta ya kondoo yenye harufu nzito, kisha bibi akakivuta kidole mpaka kikalia kama kijiti kikavu.

"Ejok, ni vizuri," alisema bibi. "Kimerudi." Nilimwamini.

"Na mimi sifungwi vijiti?" nilimuuliza baba.

"Wewe si mbuzi. Wewe una akili, utajua namna ya kukanyaga."

Nilidhani nimesifiwa. Kesho yake mbuzi alibaki kivulini akiletewa majani, nami nilitoka na kundi, nikichechemea kwa fahari juu ya mchanga unaounguza.

Mbuzi alipona, akarukaruka tena. Kidole changu kilipona kimepinda, na mpaka leo kila kiatu kinakiumiza.

Binti yangu akiniuliza kwa nini kimepinda, huwa namwambia wazee wa zamani hawakujua mambo ya mifupa. Namdanganya. Baba alijua.