Salamu Ndani ya Mashine

Mlango wa daktari ulikuwa wazi, kama kawaida, kwa hivyo foleni nzima tulisikia. Mzee mmoja kutoka kijiji cha Kulamawe, mwenye uvimbe wa paja, alikuwa ameleta picha za MRI alizopigwa mji mwingine, aambiwe kama ni kansa. Daktari akaziinua kwenye mwanga.

“Mzee, hizi ni ukungu mtupu. Sioni kama uvimbe umeshika mfupa. Ulisonga ndani ya mashine?”

“Nilisalimiwa. Msichana wa kupiga picha aliniuliza kwa spika ya mashine, ‘Mzee, habari?’ Nikainuka nimjibu: ya watoto, ya mvua, ya ngamia. Kila nikilala, anauliza tena.”

“Si ungejibu ukiwa umelala!”

“Kwetu anayejibu salamu amelala ni mgonjwa.”

“Lakini wewe ni mgonjwa!”

Mzee akamwelekezea fimbo. “Hilo ndilo nimekuja kuuliza. Kumbe unajua bila picha?”

Tulicheka. Kisha nikakasirika, maana mzee anarudia safari yote ile kupigwa picha upya kwa sababu hakuna aliyemwambia kwamba humo ndani adabu ni kutulia, na uvimbe haungoji. Wapiga picha, nawasihi: msalimieni mzee nje, mpaka ngamia wa mwisho, kisha mnyamaze.