Mabati ya Matanga

Laban aliupiga mlango wa Wayua kwa ubapa wa panga mpaka komeo likang'oka. Ilikuwa saa tatu asubuhi, na Wayua alikuwa akifunga viatu aende kuandikisha watu kwenye bima mpya ya afya. Miaka kumi na mmoja alikuwa mhudumu wa afya wa kijiji hapo Katangi. Alikuwa amepima watoto na kubeba wagonjwa, wala hakuwahi kuandika uongo.

"Wewe ndiye uliniandika tajiri," Laban alisema. "Mke wangu Mwelu hapasuliwi mpaka nilipe bima ya mwaka mzima. Huo uvimbe utamuua."

"Simu ndiyo hupanga kiwango, Laban. Mimi najaza majibu tu."

"Na jogoo wangu ulimjaza kama lori, Mama Musau?"

"Ni mabati ya paa lako yaliyokupandisha."

Mabati hayo aliyajua. Ukoo ulichanga ukaezeka nyumba ya Laban wiki ile mama yake alipofariki, waombolezaji wasikute nyasi zilizooza. Wayua mwenyewe alipika kwenye matanga yale. Lakini simu iliuliza paa ni la nini, haikuuliza limetoka wapi, naye akajibu ukweli.

Laban alimkamata ukosi, akamburura hadi uani kwa nyumba yake huku ncha ya panga ikimchoma mgongoni. "Leo utaandika chenye utaona."

Akapanda ukutani, akaanza kung'oa mabati. Misumari ililia. Bati la kwanza lilianguka uani. La pili lilimkata kiganja, hakusimama. La tatu liliteleza likampasua Wayua mkono kuanzia kiwiko hadi kiganja.

Mwelu alitoka akijishika tumbo. "Baba Kasiva, shuka. Tafadhali."

"Rudi ndani," akamfokea, ingawa ndani sasa kulikuwa na jua tupu.

Wayua angeweza kukimbia. Alimtazama Mwelu akiegemea mlango, midomo imemkauka, kisha akaketi juu ya bati, damu ikidondokea sketi, akafungua upya fomu ya Laban kwenye simu. Nyasi, mabati, vigae. Nyumba isiyo na paa haikuwa na nafasi yake. Alibonyeza nyasi kwa kidole kilichoteleza kwa damu, akasubiri. Kiwango kikashuka hadi kile ambacho bei ya mbuzi mmoja ingekilipa.

"Imekubali," alisema. "Mtafutie Mwelu bodaboda."

Laban alikuwa bado juu ya ukuta, panga mkononi, hajui ashukeje.