Kemshafti ya Demetria

Fundi wa malori pale Gongo la Mboto hufuta mikono kabla ya kugusa injini. Akishamaliza hujifutia kwenye suruali, mkewe atajua mwenyewe. Lori lililomtangulia kuingia kazini huliamkia shikamoo, na ole wako ucheke. Kisha huegemeza bisibisi ndefu kwenye injini inayonguruma, mpini sikioni, macho kafumba, mdomo wazi kama anayesubiri kulishwa.

Demetria, mwenye lori la mchanga, alimletea kemshafti mpya, chuma cha ndani ya injini, ile ya kuongeza nguvu, bado ina grisi ya dukani. Lori lake lilikuwa likiishiwa nguvu kwenye kilima cha Pugu, na mteja wake mkubwa alishasema likichelewa tena, anatafuta lingine. “Funga hii, kaka. Leo leo.” Fundi akasikiliza weee, akacheka. “Dada, mgonjwa ana pumu, wewe unamnunulia viatu vya mbio?” Akamshika mkono, akausogeza kwenye mpira wa turbo, ule unaoisukumia injini hewa, na Demetria akahisi upepo ukimpuliza vidole. Mpira ulikuwa umechanika. “Hiyo kemshafti si mbaya, ila itavuta hewa gani?” Mpira ukabadilishwa, lori likapakiwa mchanga, wakapanda kilima pamoja. Njia nzima bingwa huyo wa maneno alitega sikio kwenye injini. Walipofika juu bila lori kuishiwa nguvu, Demetria, machozi yakimlenga, akapeleka mkono kwenye ufunguo. Fundi akauzuia. “Usizime kwanza, dada. Liache liongee.”