Skafu ya Lempi na Kiwele cha Torstikki

Kwa miaka thelathini na mmoja Lempi Kuosmanen alikamua kwa utaratibu usiobadilika: alinawa hadi viwiko, akakifuta kiwele kwa kitambaa cha maji ya moto, na michirizi ya kwanza akaielekeza katika kikombe cheusi, aone kama maziwa yana mabonge ya ugonjwa. Kwa miaka hiyohiyo mumewe, Taneli, aliyanywa maziwa hayo bila swali. Wanaume wa mkoa wao wa Savo walishikilia kwamba maziwa hukauka mkononi mwa mwanamume. Imani yenye manufaa makubwa kwa yeyote apendaye usingizi wa asubuhi.

Machi hiyo Lempi aliteleza kwenye barafu mlangoni pa zizi, akateguka mkono wa kulia, ukafungwa bandeji. Alikamua michirizi michache kwa wa kushoto, na kikombe cheusi kikaonyesha mabonge. Robo ya nyuma ya kiwele cha Torstikki, ng'ombe wao wa pekee, aliyezaliwa Alhamisi na kupewa jina la siku yake, ilikuwa ngumu na ya moto. Daktari wa mifugo aliacha dawa na amri: robo ile ikamuliwe mpaka tone la mwisho, mara kwa mara, la sivyo itakufa.

"Taneli, utakamua wewe."

"Mimi? Watanicheka mpaka kaburini!"

"Wacheke. Nenda."

Taneli akaketi, akatema mate viganjani kama anayeshika shoka. Torstikki alinusa lami na tumbaku nguoni mwa bwana, akayazuia maziwa, kisha akarusha teke. Ndoo ikaenda upande huu, heshima ya bwana upande ule.

"Umetema mate?" Lempi alifoka. "Kwenye kiwele kinachoumwa? Kanawe! Kwa sabuni! Na kucha hizo, unapanda viazi humo?"

Alirudi safi, akala teke la pili. Ndipo Lempi akavua aproni yake na skafu ya maua, akamvika, akamfunga fundo chini ya kidevu. Torstikki akanusa, akashusha pumzi ndefu, akaachia maziwa.

"Chuchu tatu nzima kwanza. Ile inayoumwa mwisho, na maziwa yake yaingie bakuli la kumwaga. Usivute, bwana wee! Bana juu, vidole vifuate kimoja kimoja."

Mlango ukafunguka. Jirani yao Reino alikuja kuazima msumeno.

"Habari za asubuhi, Lempi." Aliisalimia skafu, kisha akainama. "Mh! Shemeji, leo ndevu hujanyoa."

Taneli akazika uso mbavuni mwa ng'ombe. "Msumeno uko ghalani," akajibu kwa sauti nyembamba. "Funga mlango, baridi hiyo."

Siku ya nne kijiji kizima kilikuwa na habari, na wanaume watatu walikuja kushuhudia. Walimkuta Taneli, skafu kichwani, amekiinua kikombe cheusi dirishani.

"Hamna bonge hata moja! Lempi, njoo uone! Na wewe Reino, usiguse kitu. Umenawa?"

Mkono wa Lempi ulipona wiki hiyohiyo. Bandeji, hata hivyo, aliendelea kuifunga kila asubuhi, kwa uangalifu mkubwa, hadi majira ya kukata nyasi, mwezi Julai. Kila alipomaliza kuifunga, alikunywa kahawa yake ingali ya moto, Taneli akiwa zizini.