Pombe Nisiyoionja

Kwetu Makere huwezi kumpa mtu pombe bila kuionja kwanza. Unamimina, unapiga funda moja mbele ya macho yake, ndipo unampa. Maana yake kila mtu anaijua ingawa hakuna anayeitamka: tazama, sijakuwekea sumu. Ni adabu tu, kama kuvua viatu mlangoni. Shida ni kwamba mimi funda moja halikunitosha.

Nilikuwa napika pombe ya ndizi na kuiuza kila Jumamosi pale nyumbani, chini ya banda la bati alilojenga mume wangu. Mzee mmoja, mteja wangu wa siku nyingi, alikunywa kwangu akaenda zake, na wiki hiyohiyo akafariki. Alikuwa amezeeka kiasi kwamba hata wanawe walishaanza kumshangaa. Hakuna aliyenihusisha na kifo chake. Kichwa changu peke yake ndicho kiliniuliza: je, kama ni wewe? Kama ulishika dawa ya panya ukasahau kunawa? Nyumbani hatukuwa na dawa ya panya. Tulikuwa na panya tu. Kichwa kikasema: una uhakika?

Ndipo nikaanza kuonja. Nikionja, nawaza labda sumu imezama chini, nakoroga, naonja tena. Nikimaliza, nawaza labda ule mwiko ndio wenye sumu, naosha mwiko, naonja tena. Ikifika saa nane mchana, mwenye kilabu ndiye aliyelewa kuliko wateja wake wote, naimba nyimbo za kipaimara na kulia. Mume wangu, fundi baiskeli, mtu wa maneno machache, alisema tu kwamba biashara hii inajinywa yenyewe.

Asubuhi ndiyo ilikuwa balaa zaidi. Kila Jumapili kabla ya kanisa nilizunguka nyumba za wateja kuona kama wameamka salama. "Bwakeye!" naita mlangoni, salamu ya asubuhi kwa Kiha chetu. Mtu akitokeza namshukuru Mungu kwa sauti, kisha mbio hadi nyumba inayofuata. Mwanzoni walinisifu. Mama huyu ana utu, walisema, wauza pombe wengine hata jina lako hawalijui. Halafu jirani yangu mmoja, mwanamke ambaye mdomo wake hauna breki, akasema pale bombani, watu wote wakisikia: "Huyu haji kutusalimia. Anakuja kuhesabu waliobaki."

Jamani! Ningekuwa mimi ni yeye, ningesema vilevile.

Neno sumu likishatamkwa huku kwetu, hata kwa mafumbo, huwezi kulirudisha mdomoni. Wateja walipungua. Mama mkwe wangu, aliyekimbia Burundi akiwa msichana na sufuria kichwani na ambaye haogopi kitu ila radi, akaanza kuja kwetu na chakula chake mwenyewe kwenye bakuli la mfuniko. Anakaa mezani kwangu, anafunua bakuli lake, anakula, ananitazama. Kisha akatangaza kwamba baada ya mavuno ya maharage ukoo utakaa kikao. Wakiona mimi ni mlozi, narudishwa Manyovu nilikozaliwa, watoto wanabaki.

Watoto wanabaki. Nilimwambia mume wangu siku hiyohiyo: nitafutie dawa, yoyote ile, hata ya ng'ombe.

Tulianza na mchungaji. Aliniombea vizuri, mikono kichwani, jasho likimtiririka. Tulipomaliza nikammiminia chai niliyokwenda nayo kwenye chupa. Akaniambia nionje. Nikaonja. Nikaonja tena. Niliporudia kuonja akasogeza kikombe mbali, taratibu, kama mtu anayesogeza nyoka. Asubuhi yake nilikuwa mlangoni kwake kuona kama yu hai. Akachungulia nyuma ya mke wake, Biblia kifuani, akaniuliza nataka nini tena.

Mganga alisema nina mashetani saba. Mchungaji alikuwa amesema ni moja tu, ila kubwa. Nikaona afadhali ya mchungaji. Zahanati wakanipima malaria, hakuna. Wakanipima taifodi, hakuna. Wakanipa dawa ya minyoo ili nisirudi mikono mitupu. Minyoo ilikufa, mimi nikabaki vilevile. Ila dada mmoja pale dirisha la dawa aliniita pembeni akaniambia kuna watu wanaotibu mawazo, nenda hospitali, Kasulu wapo na Kibondo wapo.

Kasulu ni karibu. Nikachagua Kibondo, kwa sababu Kasulu nusu ya soko wananijua na nusu nyingine wanamjua mama mkwe. Nilitoka alfajiri, nimejifunga kitenge mpaka kwenye nyusi. Nafika, naelekezwa chumba cha mwisho, naketi kwenye benchi, nageuza shingo: nani kama si kiongozi wa kwaya yetu!

"Shikamoo," nikasema.

"Marahaba. Mimi nimefuata meno," akasema haraka.

"Na mimi macho."

Tukakaa pale bega kwa bega, chini ya kibao kilichoandikwa AFYA YA AKILI kwa herufi nyekundu, tukizungumzia bei ya maharage.

Muuguzi aliyenipokea alikuwa mwanaume wa makamo anayetafuna karanga kazini. Nilimweleza yote. Nilitegemea aite polisi. Akaniuliza kama nimewahi kumwekea mtu sumu. Nikaruka kwenye kiti. Akaniuliza kama natamani. Nikaanza kulia. "Unaona?" akasema. "Muuaji halii hivyo. Unalia kwa sababu wazo hilo unalichukia."

Akaniambia huu ni ugonjwa na unajulikana, si ulozi, si pepo, moja wala saba. Wazo baya linakuja lenyewe kama kwikwi. Watu wengi linawajia na kuondoka. Mimi nalikimbilia kulituliza, naonja, nazunguka kubisha milango, nalo linatulia kidogo, kisha linarudi na njaa zaidi kwa sababu nimelizoesha kulishwa. Wapo wanaonawa mikono mpaka inachubuka, wapo wanaofunga mlango mara ishirini. "Wewe unaonja," akasema. "Angalau wewe unapata kinywaji."

Nilicheka. Sikumbuki mara ya mwisho nilikuwa nimecheka lini nikiwa sijalewa.

Alimwita daktari, nikaandikiwa vidonge vya kila siku, nikaambiwa nivumilie, vinachelewa kufanya kazi. Muuguzi akanipa na kazi ya nyumbani. Kwanza niache kubisha milango ya watu. Kisha niache kuonja.

"Nitaonja mara moja tu," nikasema.

"Hata hiyo moja uiache kwanza. Moja yako ina watoto wengi."

"Kwetu asiyeonja ndiye ameweka sumu!"

"Basi ongea na watu wa kwenu," akasema, akarudi kwenye karanga zake. Nilipokuwa natoka nikamuuliza kama atafika salama nyumbani jioni. Akaninyooshea kidole: hilo nalo ni swali la ugonjwa, sitakujibu.

Nisikudanganye, vile vidonge vilinitesa kabla ya kunisaidia. Nilikesha nikiwaza kimoja kimedondokea kwenye pombe. Jumapili ya kwanza bila kubisha milango nilijifungia chooni mpaka kengele ya kanisa ilipolia. Wiki zikasogea. Nikirudi Kibondo kuchukua dawa namkuta yule wa kwaya kwenye benchi lilelile. "Meno vipi?" namuuliza. "Yanatulia. Macho?" "Yameanza kuona." Na kweli, yale mawazo bado yalikuja, ila sauti yake ilikuwa imepungua.

Maharage yakavunwa. Siku ya kikao ikafika.

Tulikaa uani kwa mama mkwe baada ya ibada, baba wakubwa na baba wadogo wa mume wangu kwenye viti, wanawake kwenye mikeka, watoto wangu wakicheza nyuma ya nyumba bila kujua chochote. Kikao hakikai mdomo mkavu, kwa hiyo mimi mshitakiwa ndiye niliyepika pombe. Nani mwingine? Kabla hatujatoka mume wangu alinisihi: onja funda moja tu, mke wangu, tumalize salama. Nilijua akisema moja anamaanisha moja. Mimi ningemaliza ndoo mbele yao.

Nikamimina kikombe cha kwanza, nikampelekea baba mkubwa.

"Onja," akasema.

"Sionji, baba."

Uwanja mzima ukanigeukia. Hata kuku, naapa.

Nikasema yote nikiwa nimepiga magoti, kikombe mkononi, pombe ikinimwagikia. Kwamba nina ugonjwa, ninatibiwa Kibondo, na ugonjwa wenyewe ni huku kuonja na kubisha milango. Kwamba sijawahi kumwekea mtu kitu. Kwamba nikionja leo naanza upya, na kama wananirudisha Manyovu kwa hilo wanirudishe, lakini watoto wangu waniachie.

Baba mkubwa alikitazama kikombe. Hakukipokea.

Mama mkwe akainuka kwenye mkeka, kwa shida, magoti yake si mazima. Akaja mpaka nilipo akaninyang'anya kikombe.

"Huyu mkamwana nimeishi naye tangu ameolewa," akasema. "Nimemtukana mapishi yake, nimemtukana mama yake, nimemtukana mpaka anavyofagia. Angekuwa mtu wa kuua, kwa ulimi huu wangu angekwisha kuniua zamani."

Akanywa. Akanywa chote, akajifuta mdomo kwa pindo la kitenge. "Imezidi utamu," akaniambia. "Na kesho asubuhi usinibishie mlango. Nitakuwa nimelala." Kisha akamgeukia shemeji yake, yule baba mkubwa, akamwambia kama anaogopa pombe, kuna maji ya mtungi. Habari ya Manyovu haikutajwa tena.

Alfajiri iliyofuata nililala macho wazi. Kichwa kiliniambia ameshakufa, yuko pale sakafuni, amepoa, na wewe umelala. Nilishika ukingo wa kitanda. Mume wangu akaniwekea mguu juu ya miguu yangu ili nisiinuke. Nilikuwa naogopa kuliko siku zote za maisha yangu, na sikwenda.

Kulipoanza kupambazuka nikasikia mtu akipita njiani nje ya dirisha letu, anakokota jembe, anakohoa. Anakohoa kwa makelele, anasimama, anakohoa tena. Hakuita wala hakubisha. Kile kikohozi ningekitambua popote.

Muuguzi nilipomsimulia alikasirika, akasema mama ameharibu kazi ya nyumbani na nimkataze asirudie. Nilimjibu aje Makere amkataze mwenyewe. Shamba la mama mkwe liko upande wa pili, kule bondeni, na njia inayopita dirishani kwangu haimfikishi popote.